Mizani ya Getini

Pale geti la Machame kuna mizani ya kuning'iniza.
Mzigo ukizidi kilo ishirini haupiti,
na askari wa hifadhi hasikilizi hadithi ya mtu.
Nimesimama pale misimu kumi na mmoja
nikitoa sufuria, nikirudisha sufuria,
mpaka sindano itulie.

Sasa goti la kulia limestaafu kabla yangu.
Nakaa Kiborloni, nyuma ya duka la viatu vya mtumba,
na kompyuta aliyoniachia mgeni mmoja mwenye mafua:
nyembamba kama sinia,
kilo moja na robo, nimeipima kwa muuza nyama.
Ndani ina gigabaiti mbili za kumbukumbu.
Mbili tu. Na mimi natafuta wateja dunia nzima.

Kivinjari ilichokuja nacho kilikuwa mgeni wa aina ile
anayepanda na kiti cha kukunja, choo cha kubebwa,
mafuta ya nywele na mito mitatu.
Nikifungua ukurasa mmoja, feni inapiga miluzi.
Nikifungua wa pili, kishale kinaganda.
Wa tatu, kioo kinakuwa cheupe kama Kibo alfajiri,
nami nashika kichwa: kuna mama yuko Ujerumani
ameuliza bei ya siku saba,
na jibu lake limekwama katikati ya neno Karibu.

"Mjomba, usimlaumu punda," akasema Ndeshimona,
anayesomea mambo haya na kulala saa nane.
"Punguza mzigo."
Maneno yangu mwenyewe, yamenirudia na vumbi lake.

Basi tukavinjari kutafuta vivinjari,
usiku, kwa kifurushi cha bei ya chini,
tukivijaribu kama watu wanavyojaribu viatu hapo mbele:
mguu mmoja ndani, kisigino hewani,
jicho kwa muuzaji.
Cha kwanza kilifunguka kabla sijameza chai,
ila ramani kilizichana vipande,
Shira huku, Mawenzi kule, njia hakuna.
Cha pili kilifukuza matangazo yote. Kukawa kimya
kama msituni baada ya kundi la wapiga picha kupita.
Cha tatu kilikuwa maandishi matupu.
Hakina rangi, hakina kitufe,
herufi nyeupe juu ya weusi basi.
Nikafungua tovuti yangu,
na pale nilipouweka mlima
kikaandika: picha.

Nilikitazama muda mrefu.
Picha. Neno tu, ndani ya mabano.
Ndivyo nilivyoupanda miaka yote ile, ukweli nikwambie:
shingo imeinama chini ya mzigo,
naona visigino vya Kundaeli, naona jiwe,
naona jiwe,
na mlima nimeambiwa upo.

Ndeshimona alidhani nimesinzia.

Tukachukua cha pili. Ni chepesi, hakiulizi maswali,
kinabeba kurasa tano bila kuhema,
na yule mama amepata bei yake, na picha ya hema,
na onyo langu kuhusu soksi.

Lakini benki haikitaki.
Kila nikigonga inaniambia sasisha, sasisha,
kwa sauti ileile ya askari wa getini.
Kwa hiyo lile jitu sikulifuta.
Linalala kwenye kona ya kioo,
na kila Ijumaa, nikitaka kujua kama malipo ya awali yameingia,
nafunga kila kitu, nazima na redio
ingawa redio haihusiki,
naligonga mara mbili,
kisha nakwenda kuchemsha chai.

Nikirudi huwa limefika,
limekaa juu ya jiwe,
linauliza nenosiri.